Suli Suli Akishanaswa, ni wa Nani?

NAHODHA WA BOTI YA WAGENI: Suli suli akikatwa vipande, hesabu yake imefungwa siku hiyo hiyo. Akirudishwa majini, mgeni wa kesho huenda akamkuta, na wa mwakani vilevile. Mgeni halipii nyama. Analipia ule muda samaki anaporuka juu ya maji na rili inalia. Kwa ajili ya muda huo anakodi boti kutwa, analala kwenye nyumba za ufuo wa Bofa kule Kilifi, anakula, anapanda tuktuk na kuwaachia mabaharia bakshishi. Kilo 25 za nyama haziwezi kulisha watu wote hao.

MVUVI WA MTUMBWI: Mwanangu, umemhesabu mwenye nyumba, mwenye tuktuk na mwenye boti. Mimi hukunihesabu. Natoka kabla ya alfajiri na mshipi wa mkono, chambo changu kibua, na Mungu akinijalia suli suli mmoja, hiyo ndiyo ada ya shule. Sasa niambie: samaki ambaye kwangu ni ada na kwako ni mchezo, vipi mimi ndiye niitwe mmaliza bahari?

NAHODHA: Sijakuita hivyo, mzee. Nimesema wangu arudi.

MVUVI: Wako? Ulimfuga?

Swali hilo la mzee ndilo kiini cha ubishi wote, na ubishi wenyewe si wa jana. Mwaka 1934 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alimaliza safari yake ya kuwinda bara kwa kuja kuvua bahari ya Malindi. Kwa miaka mingi baada ya hapo, fahari ya mvuvi wa mchezo ilikuwa kumning'iniza samaki kwa mkia kwenye mlingoti wa mizani, apigwe picha akiwa kando yake, kisha nyama ifanyiwe itakalofanyiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yakaanza kugeuka. Boti za Watamu, Malindi na Kilifi zikaanza kuwachoma samaki wenye mdomo wa mkuki, suli suli akiwa mmoja wao, tagi ndogo yenye namba na kuwaachia. Kazi hiyo sasa husimamiwa na African Billfish Foundation yenye makao yake Watamu, na samaki waliokwisha kutiwa tagi ni makumi ya maelfu. Boti hujisifia idadi ya walioachiwa. Mizani imebaki na kazi ndogo.

MAMA KARANGA: Mimi hamjaniuliza, lakini nasema. Suli suli ni samaki wa karai. Nyama yake imeshikana, haivunjiki mafutani, na haina vile vimiba vidogo vinavyomfanya mama asithubutu kumpa mtoto. Namkata vipande vya upana wa vidole viwili, chumvi, ndimu, bizari na pilipili ya kusaga, nasubiri mafuta yachemke sawasawa. Kipande kimoja nakigawa mara mbili kwa mteja asiye na pesa. Samaki changu simkati hivyo, ataisha kuwa miba mitupu. Kwa hiyo nikisikia boti imerudi na bendera tatu za suli suli zinapepea na chini hakuna hata kichwa cha kutia mchuzi, mimi nasoma habari tofauti na anayosoma nahodha.

NAHODHA: Dada, jodari na nguru tunawaleta. Pia mabaharia wangu wanaondoka na kitoweo.

MAMA KARANGA: Mabaharia wako, ndiyo. Na mimi ninayekaanga?

MVUVI: Mwache kwanza, kuna jambo linalonikereketa zaidi ya kitoweo. Samaki ana roho. Nikimtoa nimle, nimemtoa kwa haja. Wewe unamfukuzia dakika ishirini na zaidi, anarukaruka kwa maumivu, mgeni anapiga kelele za furaha, halafu unamwachia na kusema umemhurumia. Huruma gani inayoanza kwa ndoana? Wazee walitukanya tusimtese kiumbe kwa kumchezea. Paka tu ukimchezea hivyo, utaulizwa.

Hoja hii watetezi wa kurudisha samaki huipita haraka, kana kwamba ni ya watu wasiokwenda shule. Ndipo mtafiti anapoingilia, na si kwa upande ambao nahodha angeutarajia.

MTAFITI WA SAMAKI: Mzee hayuko peke yake, na walio pamoja naye wako Ulaya. Uswisi ina sheria inayomkataza mtu kwenda kuvua kwa nia ya kumwachia samaki baadaye. Sababu ni hiyo hiyo aliyoitoa: ukimsumbua mnyama, uwe na haja. Ujerumani nako sheria ya kulinda wanyama inadai sababu ya maana ya kumuumiza kiumbe, na chakula ndicho sababu inayoeleweka. Ukimvua samaki halali kule, unatarajiwa umle.

MVUVI: Ngoja. Kwa hiyo Mswisi akikatazwa kwao, anapanda ndege aje kufanyia kwetu?

MTAFITI: Akija, hapa sheria haimzuii.

MVUVI: Basi andika hilo kwanza, kabla ya tagi.

NAHODHA: Kila nchi na samaki wake, bwana. Kwao wanavua kwenye vijito na viziwa ambavyo mtu anaweza kuwahesabu samaki kwa kidole. Na tena hakuna anayemwacha suli suli aburutwe hovyo. Mkiona tunavyofanya hamtasema ni mateso. Akifika kando ya boti, baharia aliyevaa glavu anamshika mdomo wa mkuki, kichwa kikiwa ndani ya maji. Hatumtoi apigwe picha. Zamani walitoa, siku hizi nahodha anayejiheshimu hatoi. Boti inatembea taratibu ili maji yapite kwenye mashavu yake. Samaki aliyechoka rangi yake inakuwa kahawia, imefifia. Unamshika hivyo hivyo, unamsubiri, mpaka ile mistari ya buluu inarudi ubavuni na mkia unaanza kukusukuma mkono. Hapo unafungua kiganja. Hakungoji useme kwaheri.

MAMA KARANGA: Na akikataa kurudi rangi?

Nahodha hajibu moja kwa moja. Anasema ni nadra.

MTAFITI: Nadra au si nadra, inategemea ndoana, na hapa pana ushahidi mzuri. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia marlin weupe 40 wa Atlantiki, ndugu wa suli suli wetu, kwa vifaa vya satelaiti baada ya kuachiwa. Ishirini walikuwa wamenaswa kwa ndoana za kawaida, zile zenye umbo la herufi J. Saba kati yao wakafa. Ishirini wengine walinaswa kwa ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imekunjwa kurudi ndani, nao wote wakaishi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Ndoana ya mviringo ikimezwa huteleza mpaka kwenye pembe ya mdomo na kushika hapo. Ile ya kawaida inaweza kuchana koo au tumbo. Tangu 2008, mashindano ya samaki hawa upande wa Marekani wa Atlantiki yanalazimika kutumia ya mviringo iwapo chambo ni samaki halisi. Kwa hiyo nahodha akiniambia anarudisha samaki, swali langu la kwanza kwake ni: nionyeshe kisanduku chako cha ndoana.

NAHODHA: Kisanduku changu kiko wazi.

MTAFITI: Cha kwako labda. Vya wengine?

MVUVI WA NZI: Naomba kuingia. Mimi ni Mkenya, natoka Nairobi, nimelelewa kando ya mto Gura kule Aberdare. Hapa kila mara mnasema mgeni kana kwamba wageni wote wanashuka kutoka ndege ya Ulaya. Mimi navua kwa ufito mwepesi na chambo cha manyoya na nyuzi, nzi tunayemfunga wenyewe mezani usiku. Mtoni namtupia trauti, baharini namtupia kolekole, na mara moja moja suli suli. Kwa suli suli mambo ni magumu zaidi ya ya nahodha: baharia anamvuta karibu kwa chambo kisicho na ndoana, samaki anapandwa na hasira, chambo kinaondolewa ghafla, boti inatolewa gia, ndipo unatupa nzi wako. Ukikosa, umekosa. Wengi tunarudi bure. Mtu wa aina yangu hamalizi samaki wa mtu.

MVUVI: Mwanangu, huyo trauti wa Gura aliletwa na nani?

MVUVI WA NZI: Ewart Grogan, 1905. Mayai yalisafirishwa kutoka Loch Leven, Scotland.

MVUVI: Na baada ya kuwatia mtoni, aliyekaa kando ya mto, aliyezaliwa pale, aliruhusiwa kuwavua kwa mtego wake?

MVUVI WA NZI: Kulikuwa na leseni. Ilitakiwa ufito.

MVUVI: Nimemaliza.

Hajamaliza, bila shaka. Wazee wa pwani wakisema wamemaliza ndiyo wanavuta pumzi. Lakini jibu la kijana wa Nairobi linastahili kusikilizwa pia.

MVUVI WA NZI: Mzee, nakubali historia ile ina uchungu. Lakini nisikilize. Trauti si wa asili ya Gura na hadi leo yupo, zaidi ya miaka mia moja, kwa sababu kulikuwa na kanuni ya chombo na ya kiasi. Alaska watu wanavua samoni wa waridi kwenye mito kwa nzi kama wangu, na mvuvi ana idadi anayoruhusiwa kwa siku. Wale hawahitaji hata kuachiwa kwa huruma: samoni wa waridi anaishi miaka miwili tu, anapanda mto, anataga, anakufa. Akiisha kutaga, umle usimle, ni marehemu. Huko Norway samaki huyo huyo ni mgeni asiyetakiwa, amevamia mito kutoka upande wa Urusi, na anapokuja kwa wingi katika miaka witiri wanamtega na kumtoa. Mnaona? Hakuna anayesema rudisha tu au ua tu. Unaangalia samaki gani, wapi.

MTAFITI: Hapo umesema jambo. Tumwangalie basi suli suli wetu. Anakua haraka mno, anapita urefu wa mita moja kabla hajatimiza mwaka. Anahama. Hapa tunamwona zaidi wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, maji yakiwa safi na vibua na dagaa wakiwa wengi nje ya mstari wa matope ya mto Sabaki. Hana pasipoti. Leo yuko Kilifi, kesho yuko maji ya Somalia. Kwa hiyo mkigombana nyinyi wawili juu yake, mnagombania msafiri.

MAMA KARANGA: Na huko aendako, wanamrudisha?

MTAFITI: Hapana, mama. Katika Bahari ya Hindi suli suli wengi hawafi kwa ufito wala kwa mshipi wa mkono. Wanafia kwenye nyavu za jarife, hasa za nchi za kaskazini: Iran, Pakistan, India, Sri Lanka. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao Ushelisheli, imepiga marufuku nyavu za kuelea zinazozidi urefu wa kilomita 2.5 katika eneo lake lote tangu Januari 2022. Pakistan ikaweka pingamizi. Mwaka 2018 tume hiyo iliweka ukomo wa suli suli wote wanaovuliwa bahari hii kwa mwaka, tani 25,000, na ikakataza kubaki na samaki wa mdomo wa mkuki aliye chini ya sentimita 60. Marlin wa mistari hali yake ni mbaya zaidi, huyo amekwisha kuvuliwa kupita kiasi. Ongeza meli za mishipi mirefu, moja ikitupa maelfu ya ndoana kwa usiku mmoja.

MVUVI: Basi mbona mkutano unafanywa na mimi? Nenda ukafanye na hizo meli.

NAHODHA: Kweli kabisa mzee, hapo tuko pamoja.

MVUVI: Hatuko pamoja. Wewe meli zile zikikumalizia samaki, utauza boti ufungue mkahawa. Mimi nitafungua nini? Na tena umenikumbusha. Ufuo wa Bofa nilikuwa napandisha mtumbwi wangu popote. Leo ni ukuta, geti, ukuta, geti, na kati yake kijia cha kupita mtu na ndoo yake. Kila nyumba pale ina picha ya suli suli ukutani. Samaki amepata nafasi ya kukaa Bofa, mvuvi hana.

Si haki kumbebesha nahodha kuta za watu wengine, na mwenyewe anasema hivyo kwa sauti iliyopanda. Lakini hoja haikuwa juu ya kuta. Ilikuwa juu ya nani hulipia uhifadhi, na hapo Mama Karanga anaurudisha mjadala kwenye mfano ambao kila mtu wa Watamu na Malindi anaujua.

MAMA KARANGA: Mbona kasa ana utaratibu? Mvuvi akimkuta kasa kwenye wavu, anawapigia simu watu wa Local Ocean kule Watamu. Wanakuja, wanampima, mgonjwa wanamtibu, mzima wanamrudisha baharini, na mvuvi anapewa kitu kidogo cha muda wake na wavu wake ulioharibika. Wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Kasa anarudi na mvuvi hakurudi nyumbani mikono mitupu. Sasa suli suli, mnayesema ana thamani kubwa hivyo akiwa hai, mvuvi wa mshipi akimwachia atapewa nini? Pongezi?

NAHODHA: Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori, dada. Kumuua ni kosa la jinai, kwa hiyo pale wanamsaidia mvuvi kutii sheria bila hasara. Suli suli si hivyo. Ukianza kumlipa kila anayemwachia, kesho kila mtumbwi utaenda kumtafuta suli suli amshike ili amwachie. Utakuwa umeanzisha biashara ya kumsumbua.

MVUVI: Umesema mwenyewe! Biashara ya kumshika ili amwachie. Si ndiyo yako?

Watu wengi wangeona mjadala umeishia hapo. Nahodha, hata hivyo, si mtu wa kushindwa kwa kauli moja.

NAHODHA: Ndiyo, ni yangu, na sioni haya. Mimi nilianzia kwenye mtumbwi kama wewe, mzee, nikawa mwosha boti, nikawa baharia, leo nashika usukani. Vijana ninaofanya nao kazi ni wa vijiji hivi hivi: Mnarani, Takaungu, Uyombo. Siku ambayo suli suli hawaonekani tena, wao ndio wa kwanza kukaa barazani. Na mbona hatusemi ya upande wa pili? Mitumbwi si yote ni ya mshipi. Juya, ule wavu wa kukokota, limekatazwa nchi hii tangu 2001, pamoja na bunduki ya kuchomea samaki, na bado ukitembea asubuhi unaona tasi wa kidole kimoja wamemwagwa mchangani. Yule mtoto wa tasi nani anamrudisha? Mgeni wangu?

MVUVI: Simtetei mwenye juya. Mimi ni wa mshipi, na mwenye juya ananimaliza mimi kabla yako wewe. Lakini angalia Kuruwitu. Pale wavuvi wenyewe waliamua, miaka ishirini nyuma, wakafunga kipande cha bahari yao, wakakiita tengefu. Walikosa mahali pa kuvua, wakalalamika, wakagombana, wakavumilia. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 wakapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Tofauti iko wapi? Waliojinyima ndio waliopanga, na ndio waliokula matunda. Siyo mtu aje na boti yenye injini mbili aniambie mimi nijinyime.

MVUVI WA NZI: Lakini Malindi na Watamu zilifungwa na serikali mwaka 1968, hifadhi za kwanza za bahari nchini, na zimesaidia.

MVUVI: Zimesaidia nani kwanza? Muulize aliyekuwa na mtego wake ndani ya mstari siku ile.

MTAFITI: Mzee, mimi ni mtu wa takwimu na nitasema jambo ambalo halitampendeza nahodha. Tagi zile zinatusaidia sana: samaki akivuliwa tena, tunajua alikopita na alivyokua. Lakini zinarudi pale tu mtu anapozileta, na anayemkuta samaki mwenye tagi huenda akawa mvuvi wa kawaida, mwenye jarife au mshipi. Yaani sayansi ya boti za wageni inasimama juu ya mikono ya watu tunaowaacha nje ya mazungumzo. Mvuvi akiona tagi kwenye bega la samaki na hajui ni ya nini, anaitupa. Hajakosea. Hakuna aliyemwambia.

MVUVI: Nikiiona nitaileta. Nikifika nayo, nani ananisubiri mlangoni?

MAMA KARANGA: Mwanangu mtafiti, na mimi nina takwimu yangu moja. Hoteli nyingi za pwani hii zina suli suli wa moshi kwenye orodha ya chakula, amekatwa kama karatasi, na ndimu na mkate. Watalii wanamsifu. Sasa kama suli suli wote wa boti wanarudi majini, huyo wa sahani ametoka wapi?

NAHODHA: Wavuvi wanauza.

MAMA KARANGA: Barabara! Mvuvi anamvua, anaambiwa ni mharibifu. Hoteli inamnunua, inamtia moshi, inamuuzia mgeni yule yule aliyetoka asubuhi kumwachia ndugu yake. Mgeni analala na dhamiri safi na tumbo limejaa. Mimi nikimtafuta wa kukaanga, bei imeshapanda kwa sababu ya hoteli. Msinifanye nicheke.

NAHODHA: Mgeni hajui hayo.

MAMA KARANGA: Mwambie basi. Na jambo la pili ulilolipita haraka. Yule aliyekataa kurudi rangi. Mtafiti amesema wapo, na wewe umesema ni nadra. Sawa, nadra. Akifia mkononi mwa baharia, anakwenda wapi?

NAHODHA: Inategemea. Mara analiwa, mara... Wakati mwingine anazama kabla hujamshika.

MAMA KARANGA: Anayezama ni wa Mungu. Wa mkononi je? Nasema aletwe bandarini, apimwe mbele ya watu, aandikwe kwenye daftari la BMU, kikundi chetu cha kusimamia ufuo, auzwe kwa wanawake wanaokaanga kwa bei inayojulikana.

MVUVI WA NZI: Hilo la haki. Hata mimi ningekubali.

NAHODHA: Wewe utakubali kwa sababu huna mabaharia. Ukishasema samaki aliyekufa ana soko, utaona wanavyoanza kufa. Baharia hatamsubiri arudi rangi. Atamshika dakika moja aseme, bosi, huyu amekwenda. Nimeona tamaa ya watu baharini.

MVUVI: Vijana wako wa Mnarani na Takaungu, uliowasifu sasa hivi?

NAHODHA: Vijana wangu ni watu, mzee.

MTAFITI: Kuna dawa ya hofu hiyo, si kamili lakini ipo. Pesa ya samaki aliyekufa isiingie kwa boti wala kwa baharia. Iingie mfuko wa BMU. Kanuni za 2007 zilizounda vikundi hivi hazikuwaweka wavuvi peke yao. Wenye vyombo wamo, wachuuzi wamo. Mama Karanga ana kiti pale kwa kanuni, si kwa hisani. Tena ndoana ya mviringo ikifanywa sharti kwa kila boti ya mchezo, idadi ya wanaokufa itashuka, na daftari litaonyesha boti ipi inaua zaidi ya wenzake. Nahodha mzuri hana la kuogopa.

NAHODHA: Daftari la kunihukumu mimi. Na la mwenye juya?

MTAFITI: Na yeye pia.

NAHODHA: Tutaona.

MVUVI: Mimi sijakubali chochote bado. Mnapanga mfuko, mnapanga daftari, na samaki mzima bado mmemgawa: anarudi majini kwa faida ya mwenye boti. Nikimvua mimi kesho, nitamuuza, na sitaomba radhi kwa mtu. Mkitaka nimwachie, njooni na jibu la ada ya shule.

MAMA KARANGA: Hilo na lako liandikwe, mzee. Mimi sitaki tumalize leo. Kaskazi inaingia Novemba, wageni watajaa Bofa, na boti zitatoka kila siku. Kabla ya hapo BMU iitishe kikao, ajenda ya kwanza iwe moja tu: suli suli aliyekufa kwenye ndoana ya mchezo ni wa nani. Nahodha aje na kisanduku cha ndoana na kadi zake za tagi. Wenye hoteli waitwe waje na risiti za samaki wao wa moshi. Na kikao kifanywe saa nne asubuhi, si jioni, maana jioni sisi tuko kwenye karai.